Kuvimba kwa vena kwa wagonjwa wenye katheta ndefu ya mkononi: Kinga huanza kabla ya sindano

WAGONJWA wanaolazimika kupewa dawa kwa njia ya mshipa kwa wiki au miezi mingi, hasa wale wa saratani, hukabiliwa na tatizo ambalo ni nadra kutajwa siku wanapoelezwa ugonjwa wao. Vena za mikono yao huchakaa.

Kila kanula inayochomwa huacha jeraha dogo ndani ya mshipa, na kila dawa kali inayopita hapo huongeza jingine. Baada ya mizunguko kadhaa ya matibabu, muuguzi huanza kutafuta mshipa kwa kubahatisha, akichoma nyuma ya kiganja, kisha kwenye kiwiko, hata mguuni. Wakati mwingine tiba huahirishwa kwa sababu tu dawa haina pa kupita.

Katheta ndefu ya mkononi, ambayo watumishi wa hospitali huiita kwa kifupi PICC, ilibuniwa ili kuwaondolea wagonjwa adha hiyo. Ni mrija mwembamba na laini unaoingizwa katika vena ya mkono, kati ya kiwiko na kwapa, kisha kusukumwa taratibu hadi ncha yake ifike katika vena kuu ya juu, karibu na mlango wa moyo. Ukitunzwa vizuri unaweza kukaa kwa miezi kadhaa, na mgonjwa huenda nao nyumbani.

Hata hivyo, mrija huo huo uliokusudiwa kuokoa vena unaweza kuivimbisha. Hali ya vena kuvimba, kuuma na kuwa ngumu kitaalamu huitwa flebitisi, na ikipuuzwa mgonjwa anaweza kupoteza katheta, vena yenyewe na siku za matibabu. Sehemu kubwa ya kinga yake huamuliwa kabla ya sindano kugusa ngozi: kama mrija unahitajika kweli, utaingizwa katika vena ipi, na unene wake ni kiasi gani.

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki kanula fupi ndiyo bado njia ya kawaida ya kupitishia dawa. Lakini mgonjwa anayetibiwa nje ya nchi, kwa mfano India, anaweza kurudi nyumbani akiwa na katheta ndefu mkononi, na ndugu zake ndio huwa wa kwanza kuona mkono ukianza kuvimba. Kwao elimu hii ni ya lazima sawa na ilivyo kwa muuguzi.

Mrija uliotembea hadi moyoni

Wazo la kufika moyoni kupitia mkono lina umri wa karibu karne moja. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde karibu na Berlin, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijiingizia katika vena ya mkono wake mwenyewe mrija uliotengenezwa kwa ajili ya njia ya mkojo. Aliusukuma kwa sentimita 65, akatembea kwa miguu hadi chumba cha eksirei, na picha ikaonesha ncha ikiwa ndani ya moyo.

Wakubwa zake hawakufurahishwa na jambo hilo, na baadaye alihamia tiba ya magonjwa ya njia ya mkojo. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, waliouendeleza utaratibu huo.

Katheta ya aina inayotumika sasa ilielezwa mwaka 1975 na daktari wa upasuaji wa Marekani, Verne Hoshal, aliyetumia mirija ya silikoni iliyopitishwa mkononi kuwalisha wagonjwa wasioweza kula. Kwa miaka mingi baada ya hapo mrija uliingizwa kwenye kiwiko, pale ambapo vena huonekana kwa macho. Mahali hapo palikuwa rahisi kwa mchomaji lakini pabaya kwa mgonjwa, kwani kila mkono ulipokunjwa mrija ulisugua ukuta wa vena.

Kwa nini vena huvimba

Wataalamu huigawa flebitisi katika aina tatu kwa kufuata chanzo chake.

Ya kwanza hutokana na dawa. Dawa yenye asidi au chumvi nyingi kuliko damu huunguza utando wa ndani wa vena. Kwa kanula fupi hili ni jambo la kila siku, kwani katika vena ndogo ya mkono damu hupita kidogo kidogo na haiwezi kuizimua dawa kwa haraka. Katika vena kuu ya juu hupita takriban lita mbili za damu kwa dakika, hivyo dawa huzimuliwa papo hapo. Ndiyo sababu flebitisi ya dawa ni nadra kwa mwenye katheta ndefu, ilimradi ncha iwe mahali pake.

Ncha ikiishia njiani, tuseme chini ya bega, faida hiyo hupotea. Kwa hiyo mahali ilipo ncha lazima pathibitishwe kwa eksirei, au kwa kipimo cha umeme wa moyo wakati wa kuingiza, kabla ya dawa yoyote kali kupitishwa. Ndugu wa mgonjwa wana haki ya kuuliza kama jambo hilo limefanyika, na jibu linapaswa kuwa limeandikwa katika faili.

Aina ya pili huletwa na bakteria, ambao huingia kupitia tundu la ngozi au kupitia mdomo wa katheta unaposhikwa kwa mikono michafu. Hii si ya kawaida sana, lakini ndiyo ya hatari zaidi kwa sababu bakteria wanaweza kusambaa katika damu.

Ya tatu, ambayo ndiyo inayowasumbua zaidi wenye katheta ndefu, husababishwa na msuguano. Mrija hukwaruza ukuta wa vena wakati wa kuingizwa na kila unapochezacheza baadaye. Mara nyingi dalili zake hujitokeza ndani ya siku saba za mwanzo. Ukuta uliokwaruzwa huvuta chembe za kugandisha damu, na iwapo mrija umeijaza vena kiasi kwamba damu inapita kwa shida, donge huweza kujijenga. Daktari wa Ujerumani, Rudolf Virchow, alikwisha kueleza katikati ya karne ya 19 kwamba damu huganda pale inapokwenda polepole, ukuta wa mshipa unapojeruhiwa, na damu yenyewe inapokuwa nyepesi kuganda. Mgonjwa wa saratani mwenye katheta anaweza kuwa na yote matatu kwa wakati mmoja.

Kupima vena kabla ya kuchagua mrija

Mageuzi makubwa katika kuzuia tatizo hili yaliletwa na mashine ya ultrasaundi. Muuguzi anayeitumia huona vena iliyo ndani kabisa ya mkono, huichoma mara moja badala ya kupapasa, na muhimu zaidi, huweza kuipima upana.

Unene wa katheta hupimwa kwa kipimo kinachoitwa Frenchi, kilichotokana na kazi ya Joseph-Frédéric-Benoît Charrière, fundi wa vifaa vya tiba mjini Paris katika karne ya 19. Frenchi moja ni theluthi moja ya milimita. Katheta ya Frenchi 4 ina unene wa milimita 1.33, na ya Frenchi 5 ni milimita 1.67.

Mwongozo unaofuatwa na wauguzi wengi duniani hutaka katheta isizidi asilimia 45 ya upana wa vena. Kwa hesabu hiyo, katheta ya Frenchi 4 huhitaji vena yenye upana wa angalau milimita 3, na ya Frenchi 5 huhitaji takriban milimita 3.7. Vipimo huchukuliwa kabla mkono haujafungwa mpira, kwani mpira huitanua vena na kuonesha upana ambao haupo siku zote.

Tofauti ya theluthi ya milimita huonekana ndogo mezani. Ndani ya vena ya mwanamke mwembamba aliyekonda kwa ugonjwa, ndiyo huamua kama damu itaendelea kupita pembeni mwa mrija au itasimama. Kwa sababu hiyo hiyo katheta yenye njia moja huchaguliwa kwanza; yenye njia mbili au tatu ni nene zaidi na huwekwa pale tu dawa zinapohitaji kupita kwa wakati mmoja bila kuchanganyika. Tabia ya kuweka njia ya ziada "kwa tahadhari" imewagharimu wagonjwa wengi vena zao.

Vena inayopendelewa ni ya upande wa ndani wa mkono, iitwayo basiliki, kwa kuwa ni pana na hupanda moja kwa moja. Vena ya sefaliki, iliyo upande wa nje, ni nyembamba na hujipinda karibu na bega, hivyo huachwa kuwa chaguo la mwisho.

Mwaka 2011 muuguzi wa Marekani, Robert Dawson, alipendekeza mkono ugawanywe katika kanda tatu kuanzia kiwiko hadi kwapa. Kanda ya chini iko karibu mno na kiungo kinachokunjwa. Ya juu iko karibu na kwapa, penye jasho na bakteria wengi. Ya kati ndiyo salama zaidi. Pendekezo hilo ni rahisi kiasi cha kushangaza kwamba halikuandikwa mapema.

Zipo pia hali ambazo mkono fulani haufai. Mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapa kwa ajili ya saratani ya matiti huwekewa mrija upande mwingine. Mkono uliopooza, na ule ulio upande wa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, huepukwa pia. Mgonjwa ambaye figo zake zimeanza kushindwa kazi kwa kiwango kikubwa hatakiwi kuwekewa katheta hii bila ushauri wa daktari wa figo, kwa sababu vena zile zile zitahitajika siku za usoni kwa ajili ya kusafisha damu.

Swali la kwanza kabisa ni kama katheta inahitajika. Mwongozo uliotolewa mwaka 2015 na jopo lililoongozwa na Dk. Vineet Chopra wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ulisema haifai kuwekwa kwa matibabu ya siku tano au pungufu. Miaka miwili kabla ya hapo, Chopra na wenzake walikuwa wamechapisha katika jarida la The Lancet uchambuzi ulioonesha kuwa katheta za mkononi huambatana na madonge ya damu zaidi kuliko katheta zinazowekwa shingoni au kifuani. Ugunduzi huo uliwashitua wengi, kwani katheta ya mkononi ilikuwa imeenea kwa kuaminiwa kuwa ndiyo isiyo na madhara.

Siku ya kuingizwa na baada yake

Mchomaji hunawa mikono, huvaa kofia, barakoa, gauni na glovu safi, na humfunika mgonjwa kwa shuka kubwa iliyotakaswa. Ngozi husafishwa kwa klorheksidini iliyochanganywa na spiriti na kuachwa ikauke yenyewe, bila kupepewa. Mrija husukumwa polepole, anayeharakisha hukwaruza.

Zamani glovu zenye unga zilikuwa miongoni mwa vyanzo vya vena kuvimba, kwani unga ulinata kwenye silikoni na kuingia nayo mwilini. Marekani ilipiga marufuku glovu hizo hospitalini kuanzia Januari 2017.

Baada ya hapo mrija hushikizwa kwa kibanio cha kunata badala ya kushonwa kwa uzi, na juu yake huwekwa plasta angavu inayowezesha tundu kuonekana bila kufunuliwa. Plasta hiyo hubadilishwa kila baada ya siku saba. Kama ni shashi, kila baada ya siku mbili. Lakini katika miji yenye joto na unyevu kama Dar es Salaam au Mombasa, jasho huweza kuibandua kabla ya muda huo. Plasta iliyolowa, iliyochafuka au iliyoachia pembeni hubadilishwa siku hiyo hiyo bila kungoja kalenda, kwa sababu mrija usioshikika hutembea ndani ya vena kila mkono unapotikisika.

Katheta husafishwa kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, kwa kawaida mililita 10, yakisukumwa kwa vituo vituo ili yasugue ndani ya mrija. Bomba la sindano linalotumika ni la mililita 10 au zaidi, kwani bomba dogo hutoa msukumo mkali unaoweza kuupasua mrija. Mdomo wa katheta husuguliwa kwa spiriti kabla ya kila matumizi. Hakuna sababu ya mgonjwa kuona haya kumuuliza muuguzi kama amenawa mikono.

Dawa za antibiotiki hazitolewi kwa lengo la kuzuia tu, wala dawa za kuyeyusha au kuzuia mgando hazipewi kila mwenye katheta. Madhara yake, ikiwamo usugu wa bakteria na kutokwa damu, huzidi faida kwa wagonjwa wengi.

Mkono ufanye kazi gani

Wagonjwa wengi hukosea kwa kuuweka mkono wenye katheta kama uliovunjika, wakiubana kifuani mchana kutwa. Mkono usiotumika hupunguza mwendo wa damu, na damu inayotuama huganda. Inashauriwa kukunja na kukunjua ngumi, au kubinya mpira laini mara kadhaa kwa siku, kunywa maji ya kutosha endapo daktari hajakataza, na kufanya kazi nyepesi za nyumbani kama kawaida.

Kinachokatazwa ni nguvu na mikunjo ya ghafla. Kubeba ndoo ya maji ya lita 20, kutwanga, kufua mazulia au kumnyanyua mtoto mkubwa kwa mkono huo huusukuma mrija huku na huko. Magongo ya kwapani hukandamiza vena, na mgonjwa anayeyategemea anapaswa kumweleza daktari kabla ya kuwekewa katheta. Kipimo cha shinikizo la damu hufungwa mkono mwingine. Wakati wa kuoga mahali hapo hufunikwa kwa nailoni isiyopitisha maji. Kuogelea baharini hakuruhusiwi.

Kutambua dalili mapema

Vitabu vingi hueleza kuwa ishara ya kwanza ya flebitisi ni wekundu wa ngozi. Maelezo hayo yaliandikwa kwa kuzingatia ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi wekundu huweza usionekane kabisa, au mahali hapo pakawa peusi zaidi kuliko pembeni. Anayesubiri wekundu atachelewa.

Kwa hiyo mkono upapaswe kila siku, hasa katika wiki ya kwanza, na ulinganishwe na mkono wa pili. Maumivu yanayofuata njia ya vena juu ya tundu, joto lisilo la kawaida, uvimbe, na hatimaye mshipa unaoguswa kama kamba chini ya ngozi, ndizo ishara za kutazamwa. Kupima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani siku ya kwanza na kuandika namba hiyo ni jambo dogo linalosaidia sana baadaye.

Hospitali nyingi hutumia kipimo cha alama kuanzia 0 hadi 5 kilichochapishwa mwaka 1998 na muuguzi wa Uingereza, Andrew Jackson, kwa ajili ya kanula fupi. Kanula hutolewa mara alama zinapofika 2. Kwa katheta ndefu uamuzi si wa haraka hivyo, kwa kuwa flebitisi ya msuguano mara nyingi hutulia yenyewe na mrija ukabaki.

Tiba yake ni kuinua mkono juu ya mto na kuweka kitambaa cha uvuguvugu juu ya njia ya vena mara kadhaa kwa siku, bila kulowesha plasta, pamoja na dawa ya maumivu aliyoshauri daktari. Nchini China wauguzi wamefanya majaribio mengi ya kubandika vipande vya viazi mviringo vibichi juu ya vena iliyovimba. Ushahidi wake bado ni hafifu, na kiazi kibichi karibu na tundu la katheta si jambo la kujaribu nyumbani. Kuchua kwa mafuta au dawa za mitishamba ni hatari zaidi, kwani kunaweza kulitikisa donge lililoganda.

Hali isipopungua baada ya saa 24 hadi 48, mgonjwa huonwa tena na daktari huamua kama mrija uondolewe. Zipo dalili zisizongoja hata saa hizo: mkono mzima kuvimba, vena za shingo au kifua kutokeza, kushindwa kupumua vizuri, usaha kwenye tundu, au homa na kutetemeka muda mfupi baada ya katheta kusafishwa. Mgonjwa wa aina hiyo hupelekwa hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Ikithibitika kwa ultrasaundi kuwa damu imeganda, katheta haiondolewi moja kwa moja. Kama bado inafanya kazi, ncha iko mahali pake na mgonjwa anaihitaji, huachwa huku akipewa dawa za kuzuia mgando, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi mitatu. Kuing'oa na kuweka nyingine mkono wa pili huanzisha hatari ile ile upande ambao ulikuwa mzima.

Matibabu yakiisha, katheta hutolewa siku hiyo, kwa kuvutwa polepole na muuguzi. Urefu wake hupimwa na kulinganishwa na ule ulioandikwa siku ya kuingizwa, ili kuhakikisha hakuna kipande kilichobaki ndani. Tundu hufunikwa kwa plasta isiyopitisha hewa, na mkono huendelea kuangaliwa kwa saa 48, kwa sababu vena huweza kuvimba hata baada ya mrija kuondoka.